Vitumbua vya Amna na Daktari wa Gegedu

Dada yangu Amna alikuwa akikaanga vitumbua barazani, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na watu walivigombea mpaka masikio yake yalipoanza kuvimba. Yaliwiva, yakauma asilale, yakapoa, kisha yakaanza upya. Ndewe tu, pale penye vipuli, ndizo zilizobaki salama. Baadaye pua nayo ikabonyea katikati. Wapangaji wenzetu wakaamua ni ukoma. Sisi tukila sinia moja uani, yeye walimpakulia sahani ya peke yake, wakaisukuma kwa mguu. Niliwachukia, na mpaka leo nawachukia.

Daktari Polycarp wa hospitali kubwa ndiye aliyetuambia kuwa si ukoma. Ni uvimbe wa gegedu, alisema, ile nyama ngumu inayosimamisha sikio na pua. Ugonjwa wa nadra, na hauambukizi. Alifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Miaka nenda miaka rudi akawa anamwita, anamtoa damu, anampiga picha, anawaita wanafunzi wake waje kumtazama. Dawa alimpa, sikatai. Lakini alizungumza na lile sikio zaidi kuliko alivyozungumza na mwenye sikio.

Kampeni ya usafi ya Mtu ni Afya ilipopamba moto, Bushiri, balozi wetu wa nyumba kumi, alimkataza Amna kuuza chakula. Vitumbua, hata kwa wateja wachache waliobaki, ndivyo vilivyotulisha. Amna akaenda kumwomba daktari aje awaeleze watu.

Alikuja asubuhi, akasimama barazani na koti lake jeupe, akaeleza vizuri sana. Watu wakasikiliza. Hata mimi nilianza kupumua.

"Tumekuelewa, Ndugu Daktari," Bushiri alisema. "Basi onja kimoja tu, sisi tutanunua vilivyobaki."

Amna akaepua kitumbua, akamwekea kwenye kisahani, akampa kwa mikono miwili. Daktari akakitazama. Akaitazama na ile pua aliyoipima miaka yote hiyo.

"Asante, mama. Nimeshiba."

Bushiri akacheka. Watu wakatawanyika, na Amna akauzima moto huku unga umejaa ndoo.

Wiki ileile gari la hospitali likaja kumchukua kwa ajili ya picha. Dereva alimkuta uani anafua.

"Shikamoo mama. Daktari anasema leo usikose, utafiti utakwama."

"Marahaba," Amna alijibu, akiendelea kufikicha nguo. "Mwambie nimeshiba."