Punje ya Kumi na Moja

Mke wangu alipotimiza mwaka wa nne kaburini, nilianza kuusahau uso wake. Sauti nilikuwa nayo, na mwendo wake pia, lakini uso ulikuwa unafutika. Picha ya kitambulisho ilinionyesha mwanamke aliyekaza uso mbele ya kamera. Niliyeishi naye hakuwa huyo. Sikumwambia mtu.

Ndipo alipokuja kijijini kwetu, Daa, mtafiti mmoja wa chuo kikuu, msichana mpole. Alitokea kijiji cha Endulen, alikowasikiliza watu waliosema kwamba walipozidiwa na ugonjwa waliiona miili yao kitandani, wao wakiwa juu darini. Kwetu alitafuta wazee wa kujaribu jambo jingine: kujua, ukiwa ndani ya ndoto, kwamba unaota.

"Ukishajua, babu, unaweza hata kuongea na mtu uliyemwona."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote atakayekuja."

Nilimuuliza padre kama ni dhambi. Alisema wafu nisiwaite, ila ndoto ikija yenyewe niipokee, kama Yusufu alivyozipokea zake.

Mtafiti aliniagiza niamke alfajiri, nikae kidogo, kisha nilale tena, kwa kuwa ndoto za asubuhi hukumbukika vizuri. Mchana niwe nahesabu vidole mara kwa mara, maana ndotoni hesabu huharibika. Mimi nilikuwa katekista kwa miaka mingi; nikaona bora nihesabu punje za rozari. Fungu moja lina kumi. Zikizidi, naota.

Kulala jua limechomoza ilikuwa aibu. Jirani yangu, akipita na ng'ombe wake, aliniita dirishani.

"Katekista, ulistaafu kufundisha, sasa umestaafu na kuamka?"

"Nafanya kazi ya chuo kikuu."

"Ya kukoroma? Waambie mimi nina shahada tayari."

Wiki ya tatu, asubuhi ya ukungu, nilijikuta jikoni nasali. Nikafika punje ya kumi, nikashika ya kumi na moja, kisha ya kumi na mbili. Nikajua. Mwili wangu ulikuwa kitandani, nami nilikuwa hapa, macho kabisa, naona kila ufa wa ukuta. Nikainua kichwa. Mke wangu alikuwa mlangoni, anapepeta maharage kwenye ungo.

Nyumbani kwetu hakuna aliyekatiza fungu la rozari kwa maongezi. Hata mgeni alingoja. Basi niliendelea, nikijua naota, nimalize ndipo nimsalimie. Punje hazikuisha. Naye hakunihimiza. Aliuweka ungo chini, akanitazama kwa subira yake ileile, mpaka nikaamka. Nilikaa kitandani muda mrefu, nikimshukuru Mungu bila maneno.

Mtafiti alipokuja, hakuamini.

"Babu, ulijua unaota, na hukumsemesha?"

"Nilikuwa sijamaliza."

Alicheka, kisha akashika kalamu. Nikamweleza uso: paji pana, jino la mbele lililokatika kona, na kovu la pembe ya ndama chini ya sikio la kushoto. Kovu hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Binti yangu, aliyekuwa akitumiminia chai, alisimama na birika mkononi.

"Mama alikuwa analifunika kwa kitambaa," alisema. "Umeliona, baba?"

"Nimeliona."

Aliketi kando yangu, akaniomba nianze upya, tangu kwenye paji.