Hatari, Mkwe wa Bibi Nakamba

Jumanne, mwezi wa Juni. Asubuhi ukungu mzito mpaka kwenye mibuni, baridi kali, hakuna upepo.

Siamini bado. Hatari amekufa.

Nimeyaandika hayo kwenye kitabu changu cha siku, nikakaa nikiitazama kalamu. Kisha nikachukua karatasi nyingine niwaandikie ninyi nyote wa Isansa. Kesho nitaibandika mlangoni pa ghala la kahawa. Nusu yenu aliwahi kuwapandisha mtini, mna haki ya kujua.

Kwa mgeni asiyemjua: Hatari alikuwa mbwa. Dume jeusi, kichwa kama chungu, sikio moja limechanika. Mwenyewe, mzungu mmoja wa kahawa, aliuza shamba akarudi kwao, akamwacha na mnyororo na kibao cha shingoni kilichoandikwa HATARI. Watoto walikisoma wakadhani ndilo jina lake.

Baraza liliamua apigwe risasi. Mama Elina akasimama. Mnamjua: mjane ambaye uani kwake hupokea kila mnyama aliyekataliwa. Mimi ni mpangaji wake, mwalimu wa shule ya wasichana. Wakati huo tulikuwa na punda kiwete, mbuzi wa jicho moja, na bata mzinga aliyefukuzwa kanisani kwa kuitikia mahubiri.

"Niachieni mpaka kahawa iishe kuchumwa," akasema. "Akimuuma mtu mmoja tu, njooni na bunduki."

Wiki ya kwanza Hatari alirarua suruali ya mwinjilisti. Mwinjilisti akataka kukimbilia barazani.

"Damu iko wapi?" Mama Elina akamwuliza. "Baraza lilisema mtu. Halikusema suruali."

Akaishona mwenyewe, kwa uzi mwekundu, maana mweusi ulikuwa umekwisha.

Kisha ikaja siku ya Bibi Nakamba, mama mzazi wa Mama Elina. Macho yake yalikwishaanza kufifia. Alikuwa anamngoja mkwe wake kutoka Tunduma, mume wa binti yake mdogo. Na mila mnaijua: mama mkwe hamtazami mkwe usoni, humwamkia amechutama akipiga makofi. Basi alipotoka jikoni akakuta kitu cheusi kimeketi juu ya gunia mlangoni, aligeuza uso pembeni, akachutama, akapiga makofi ya taratibu.

"Karibu, baba. Wa huko hawajambo?"

Hatari alikuwa amekata mnyororo! Mimi niko dirishani, natazama. Akamsogelea Bibi, akainusa mikono yake, akalala chini, kichwa miguuni pake.

"Mkwe wangu ana adabu siku hizi," Bibi akamwambia Mama Elina baadaye. "Ila mwambieni aoge."

Jioni mkwe wa kweli akafika na baiskeli, akainua fimbo kugonga lango. Hatari akamrukia; dakika hiyo hiyo mkwe alikuwa juu ya paa la jiko.

"Mama, ni mimi, mkwe wako!"

Bibi akageuza uso. "Mkwe wangu alishafika. Wewe ni mwizi wa wapi?"

Kesho yake nikajaribu na mimi. Nikachutama, nikapiga makofi. Hatari akatikisa mkia. Nikaelewa: hakuwachukia watu, alichukia mkono ulioinuliwa. Anayepiga makofi chini hana fimbo.

Mkaanza kuja mmoja mmoja kumwamkia. Hata majirani wawili waliogombania mpaka, ambao hawakuamkiana tangu mvua za mwaka uliopita, walikutana wamechutama mbele yake. Ikabidi waamkiane na wao.

Kahawa ikaisha kuchumwa. Bwana Simbeye, tarishi wa baraza, akaja na sare iliyopigwa pasi na bunduki begani.

"Nimeagizwa nimkague."

"Chutama kwanza, Bwana Simbeye," nikamwambia.

"Mimi? Mtumishi wa baraza, nimpigie mbwa makofi?"

"Ukisimama wima mbele yake atakuuma. Akikuuma, atakufa."

"Mwalimu, hiyo ni shida yake."

Akaingia. Hatari akasimamisha manyoya. Mama Elina akaishika kamba ya punda kwa mikono miwili, akaikaza mpaka punda akainamisha kichwa. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku ya msiba wa mumewe.

Sauti ikatoka jikoni. "Nani huyo anasimama wima mbele ya mkwe wangu? Hana mama aliyemfunza?"

Ua mzima ulikuwa umejaa vichwa vya majirani. Bwana Simbeye akavitazama. Akatazama vifungo vyake vya shaba. Akaiweka bunduki chini polepole, akachutama, akafumba macho, akapiga makofi.

Hatari akaweka kichwa juu ya viatu vyake, akasinzia.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "sasa naondokaje?"

"Subiri aamke."

Alikula ugali na maharage palepale, amechutama. Barazani alitoa ripoti fupi: "Hakuna hatari Isansa. Nimemkuta mkwe wa mtu amelala."

Hatari akaishi nasi miaka mingi, hakuuma mtu. Leo asubuhi tumemkuta juu ya gunia lake mlangoni pa jiko, ametulia, umande mgongoni.

Bwana Simbeye, mvi kichwa kizima, alikuja kuchimba kaburi bila kuitwa. Kabla ya kushika jembe alichutama, akapiga makofi. Nasi sote tukachutama. Bata mzinga, mzee sasa, akaitikia.

Nikamsogelea Bibi Nakamba, aliyekuwa amegeuza uso pembeni kama kawaida. "Bibi, siku ile ulidhani kweli ni mkwe?"

"Mwalimu, mkwe gani ana mkia?"

"Sasa kwa nini ulichutama?"

"Magoti haya yangekimbia? Nilikuwa nimebakiwa na adabu tu."

Hatari, ndugu yangu. Jioni nimerudi kutoka kisimani, nikachutama langoni kwa mazoea, nikapiga makofi, nikangoja. Ndipo nikalia.

Pumzika, mkwe wetu. Huko uliko, asiwepo wa kukuinulia mkono.

Saa nne kasoro robo usiku. Nazima chemli, nalala.