Mechi ya Tisa Kati ya Tisa

Ignatius wa Khayega hajawahi kumiliki fahali hata mmoja, lakini kwa miaka thelathini na moja hakuna fahali aliyepigana upande huu kabla yeye hajamkagua shingo. Ndiyo kazi yake. Wengine ni mafundi wa pikipiki, wengine ni wachungaji wa kanisa; yeye hupanga. Kila Ijumaa huzungukia maboma ya wenye mafahali wa kesho yake, akatazama wanavyokula, wanavyopumua, wanavyomwangalia mtu wasiyemjua. Kisha huenda sokoni kwenye ubao mweusi alioupigilia misumari ukutani mwa kinu cha unga, akaandika kwa chaki ni pambano gani linavutia kuliko yote, lipi la pili, hadi la mwisho. Watu husoma, wakaamua waamkie wapi.

Na wanamwamini, maana alidanganya mara moja tu. Alimweka fahali wa shemeji yake nafasi ya kwanza, na fahali mwenyewe alipofika uwanjani akauona mwavuli wa mama mmoja, akatimua mbio hadi mtoni. Mwanamume aliyekuwa ametoka Shinyalu kwa miguu tangu alfajiri akamsimamia Ignatius mbele, akamtazama sana, akasema, "Hata wewe?" Akaenda zake. Maneno hayo mawili yamemkaa Ignatius kifuani mpaka leo.

Sasa mwaka huu, mwezi wa nane, daktari wa mifugo akapiga marufuku. Ugonjwa wa miguu na midomo! Hakuna ng'ombe kutoka zizini kwa wiki sita, hakuna mapambano, hakuna ngoma za isukuti za kumsindikiza fahali Jumamosi asubuhi. Ayaa! Khayega ikapooza. Ubao ukabaki mtupu, na Ignatius akaanza kukagua yasiyomhusu. Aliwapanga kuku wa mkewe. Aliwapanga wahubiri watatu wa sokoni kwa kufuata nani anastahili kusikilizwa, na yule wa tatu hamsalimii mpaka leo.

Ndipo wakaja waandalizi wa kandanda ya vyuo. Ligi yao ilikuwa imekwisha, zimebaki mechi tisa za mtoano, za wanaume na za wanawake, na watazamaji walikuwa hawapatikani hata kwa dawa. Wakamwomba awapangie mechi zao ubaoni. Alikubali kabla hawajamaliza kusema.

Kuhusu kandanda, Ignatius alijua kwamba mpira ni wa mviringo. Lakini kiumbe ni kiumbe, bwana. Akazunguka chuo baada ya chuo saa za chakula cha mchana, akatazama wachezaji wanavyoshambulia obusuma, ugali wa huku, akawashika shingo, akawapulizia filimbi sikioni aone nani atashtuka.

"Mzee, kwani unanitafutia nini shingoni?" mshambuliaji mmoja akauliza.

"Nyamaza wewe, niko kazini."

Siku ya tatu ubao ukajaa. Ya kwanza: "Chuo cha udereva na chuo cha uuguzi. Shingo nene pande zote. Mwaka jana refa alikimbilia kwenye miwa. Fika mapema." Ya nne: "Kipa wao huongea na mlingoti. Siku hizi mlingoti umeanza kumchoka." Na chini kabisa, ya tisa: "Wasichana wa Ilwanda na wasichana wa Navakholo. Hawana ugomvi. Watasalimiana, watacheza, watasalimiana tena. Kama una mahindi ya kupukuchua, pukuchua."

Kipa na kapteni wa Ilwanda anaitwa Gentrix. Anasomea uchomeleaji wa vyuma, ana mikono ya kazi, na ni binti wa Ignatius, wa kuzaa.

Jioni hiyo aliingia nyumbani na pakiti ya unga, hata hakuiweka chini.

"Baba, umetuweka ya tisa."

"Mko ya tisa."

"Kati ya ngapi?"

"Tisa." Ignatius akakohoa. "Nilikuja kuwakagua, mama. Mlikuwa mnapeana chumvi kama watu waliotembelea wakwe. Hakuna hata mmoja aliyenifokea."

Gentrix akaketi. Machozi yakamtoka palepale, naye si msichana wa kulia ovyo. Akamweleza jambo ambalo ubao haukulijua. Mkuu wa chuo chao, Bwana Kibiwott, anapenda ng'ombe wake wa maziwa kuliko anavyopenda michezo, na amewaambia wazi: asipoona watu mia tano kwenye mechi hiyo, timu ya wasichana inavunjwa na uwanja unapandwa nyasi za nepia. Miche iko tayari.

"Futa, Baba. Andika hata ya tano. Nani atajua?"

Mkono wa Ignatius ulienda mfukoni kwenye chaki. Ukaigusa. Halafu akasikia tena, "Hata wewe?", na mkono ukatoka mtupu.

"Siwezi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa.

Kwa siku nane Gentrix alimwekea baba yake chakula, akamwambia "Karibu chakula", basi. Ignatius alikula bila kujua anakula nini.

Mechi nane za kwanza zilijaa watu, kila moja kwa cheo chake ubaoni. Ijumaa akapita sokoni akiuliza, kama mtu anayeuliza tu, "Kesho utaenda kuona ya tisa?" Wote wakamshangaa. "Si wewe ndiye ulisema tupukuchue mahindi?" Na kweli, Khayega nzima ilikuwa imejiandaa. Magunzi ya mwaka jana yalikuwa yameondolewa njiani, mahindi yamerundikwa nyua zote, na mama mmoja ambaye hakulima chochote msimu huu alikuwa ameenda kuomba ya jirani ili asikose la kufanya. Mwenye kuaminika huaminiwa mpaka inakuwa balaa.

Akaenda moja kwa moja kwa Eugene, mkuu wa wapiga isukuti.

"Kesho saa moja na nusu nataka ngoma. Kutoka sokoni hadi uwanja wa Ilwanda."

"Marufuku imeondolewa?"

"Sijasema hivyo."

"Fahali ni wa nani, basi?"

"Wangu," Ignatius akasema.

Eugene alimtazama, akatazama ngoma zake zilizokaa wiki tano ukutani zikishika vumbi. "Mzee," akasema, "mimi sijauliza kitu."

Jumamosi, saa moja na nusu, isukuti ikalia. Nakwambia, ndugu yangu, mtu wa huku akisikia hiyo ngoma Jumamosi asubuhi haulizi. Miguu hutoka kwanza, akili hufuata ikipata nafasi. Watu waliacha mahindi yakimwagika. Kinyozi aliacha mteja na kichwa nusu, na mteja akamfuata, si kwa kudai nusu iliyobaki, bali kwa kuogopa kupitwa. Mbele kabisa, kwa desturi, mwenye fahali hutangulia na fimbo akimsifu mnyama wake. Alikuwa Ignatius na fimbo. Nyuma yake, wasichana kumi na mmoja wa Ilwanda, aliowaita sokoni alfajiri, wakiwa na jezi za kijani, Gentrix mbele yao amekunja uso, hajui acheke au akimbie.

Uwanjani, Bwana Kibiwott alikuwa amefika na mkokoteni wa miche ya nepia. Akaona vumbi. Akaona watu. Akaanza kuhesabu kwa kidole, akafika mia tisa, akaacha. Yeye ni mgeni wa huku, desturi za isukuti hazijui. "Kumbe wanawapenda wasichana hivi!" akanong'ona, na akavua kofia.

Umati nao ukaanza kunguruma. "Fahali yuko wapi? Ignatius! Fahali?"

Ignatius akapanda juu ya mkokoteni, katikati ya nepia. Akaelekeza fimbo golini.

"Yule pale, mwenye glavu! Miaka thelathini na moja nimewasifia mafahali wenu. Huyo nimemlea mimi. Sikusema ni pambano zuri. Ni bovu, niliandika, na halijabadilika. Lakini ni wangu, na nimemleta!"

Halafu mtu akacheka, mwingine akakaa chini, na wote wakakaa.

Mechi ilikuwa mbovu, Mungu ni shahidi. Wasichana walisalimiana kwa mikono dakika nzima. Aliyemkanyaga mwenzake alisimama kumpa pole. Umati, wenye kujua sheria za mafahali peke yake, kwamba anayekimbia ameshindwa, ulipiga makelele kila mchezaji aliporudi nyuma kukaba, "Amekimbia! Imeisha!", na mara tatu watu waliingia uwanjani kushangilia mshindi, refa akawatoa. Gentrix aliokoa mipira miwili ya hatari, mmoja kwa kifua. Dakika za mwisho beki wake akamrudishia mpira kwa upole na heshima zote, ukampita kando ya mguu, ukaingia. Navakholo moja, Ilwanda bila.

Bwana Kibiwott akaugeuza mkokoteni. "Nepia tutapanda nyuma ya jikoni," akasema. "Timu ibaki." Wasichana wakakumbatiana kana kwamba wameshinda wao.

Lakini Eugene na wenzake walikuwa wameshafunga mikanda ya ngoma, hawapigi tena. Ndiyo desturi: aliyeshinda hurudishwa kwa isukuti, aliyeshindwa hurudi kimya. Gentrix akamjia baba yake, glavu kwapani.

"Baba, fahali akishindwa anapitanga njia ya nyuma, si ndiyo?"

"Ndiyo," Ignatius akajibu. "Njia ya nyuma."

Msichana akaanza kuelekea kule kwenye miwa. Ignatius akamtazama mgongo, na roho yake ikakataa. Akamvua Eugene ile ngoma ndogo begani, akamkimbilia binti yake, akamshika mkono, akamgeuzia barabara kubwa, kisha akatangulia. Alikuwa hajapiga ngoma tangu azaliwe. Ililia kama mtu anayekung'uta mkeka. Gentrix akafunika mdomo, akashindwa, akacheka mpaka glavu zikaanguka njiani.

Mama mmoja akatoka uani, gunzi mkononi. "Mulembe! Nani ameshinda?"

"Navakholo," Ignatius akasema, maana yeye hadanganyi, na akaendelea kupiga.