Gesi Ambayo Mwongozo Haukuitambua

Njiti tatu za kiberiti zilizimika ndani ya glasi moja, mbele ya darasa zima la kidato cha pili, na bado jibu langu likahesabiwa kosa.

Swali lilitoka kwenye mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule jirani hutunga pamoja: sodiamu kaboneti ikichanganywa na asidi ya haidrokloriki, nini kinapatikana? Niliandika chumvi, maji na gesi ya kaboni dioksaidi. Mwongozo wa kusahihishia ulisema chumvi na asidi ya kaboni. Aliyeutunga alihamisha sodiamu huku na hidrojeni kule, akaweka kalamu chini. Ndivyo tulivyofundishwa wote, maana kemia yetu ilikuwa ya ubaoni. Kabati la maabara lilikuwa na kufuli kubwa na chupa tupu.

Lakini mimi nimekulia kwenye miteremko ya mlima Oldeani, na nyumbani kwetu makande hayaivi bila magadi, ambayo ndiyo sodiamu kaboneti ya asili. Nayajua yanavyotoa povu yakikutana na ndimu. Asidi ya kaboni haikai. Inavunjika papo hapo, yanabaki maji, na gesi inatoka.

Nilikuwa nimepungukiwa alama moja kuingia mchepuo wa sayansi. Swali lile lilikuwa na alama mbili. Nikanunua bonge la magadi na ndimu sokoni Karatu, nikaomba kuonyesha darasani.

Nilikamulia ndimu juu ya magadi ndani ya glasi, povu likapanda. Njiti ya kwanza niliyoishusha ndani ikazimika, maana kaboni dioksaidi huzima moto.

“Mama lishe!” akapaza sauti mmoja wa nyuma. “Tuwekee na maharage!”

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

“Swali halikusema ndimu, binti.”

“Basi, mwalimu, tuletee hiyo asidi ya kwenye swali.”

Nikawasha ya pili, kisha ya tatu.

Baada ya kipindi aliniita kando. “Uko sahihi, najua. Lakini nikikupa hizo alama nimeukataa mwongozo, na wenzetu wote wamesahihisha kwa huohuo.”

Angekuwa hajui, ningemsamehe. Alijua, akanikata alama.

Mama alimwandikia mkuu wa shule barua. Ikapokelewa, ikagongwa muhuri. Orodha ya sayansi ikabandikwa bila jina langu. Nikapelekwa mchepuo wa biashara.

Sasa mdogo wangu anasoma kidato cha pili palepale. Wiki iliyopita nilifungua daftari lake la kemia: sodiamu kaboneti, asidi, mshale, chumvi na asidi ya kaboni. Barua ya mama haijajibiwa.