Mstari Nilioruka

Mwanangu, siku ninayoikumbuka leo siwezi kuianzia asubuhi yake. Lazima niianzie Urambo, kwenye lori la tumbaku lililonifikisha Tabora mjini, kisha kwenye behewa la daraja la tatu ambamo nilisimama mpaka Dodoma ndipo nikapata pa kukaa. Nilishuka Morogoro, nikapanda basi hadi Chalinze, basi jingine hadi Mombo, na pale Mombo nikapewa nafasi nyuma ya lori lililokuwa linarudi milimani Usambara na matenga matupu ya nyanya. Barabara ile hupanda kwa kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, nami nimeng'ang'ania kamba ya matenga, natetemeka kwa baridi ambayo Urambo hatuijui. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, suruali mbili, na habari ya kusikia kwamba kiwanda fulani cha mbao kinatafuta vijana. Nilipofika, kiwanda kilikuwa kimefungwa. Mlinzi alinionea huruma, akaniambia kuna fundi pale Soni anayetafuta mtu wa kumsomea vitabu vya umeme vya Kiingereza.

Fundi huyo aliitwa Mzee Shemweta. Alikuwa fundi wa shirika la simu la serikali kwa miaka mingi, mpaka shirika lilipobinafsishwa na yeye akapunguzwa kazini. Wenzake waliopunguzwa walifungua maduka. Yeye alirudi kwao na sanduku la vifaa na kompyuta iliyotumika, moja ya zile zilizoanza kuingia nchini kwa makontena, skrini yake nzito kama gunia la viazi. Alitengeneza redio na pasi ili apate kula. Kwa ajili ya moyo wake, aliunda vitu kwa chipu.

Wewe umezikuta chipu kila mahali, hutaona ajabu. Kwangu ilikuwa ajabu. Kipande cheusi, kifupi kuliko kidole, chenye miguu kama jongoo, unakiwekea programu nacho kinafanya kazi ileile mchana na usiku bila kulalamika. Siku hizi mnabonyeza kitufe chenye picha na mambo yamekwisha. Sisi tulikuwa na dirisha jeusi lenye herufi nyeupe. Unaandika amri, unabonyeza, unasoma ulichojibiwa. Mzee aliandika amri zetu nne kwenye daftari la shule. Ya kwanza inakuingiza kwenye folda ya kazi. Ya pili inajenga programu kutokana na maandishi yetu. Ya tatu inaipangia chipu mwendo wake. Ya nne inapakia programu ndani ya chipu, kupitia waya tuliouchomeka kwenye tundu la printa. Kando ya mstari wa tatu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Ukikosea hapa chipu inakufa.

Sasa nikupeleke juu kidogo ya Soni, upande wa Vuga. Kulikuwa na bonde lenye bwawa dogo la udongo. Lilijaa polepole kutoka kwenye chemchemi, na mara moja kwa wiki lilifunguliwa asubuhi, maji yakashuka mferejini kwa zamu. Watu wanane, nusu saa kila mmoja. Zamani mzee mmoja aligawa kwa kutazama jua. Kisha saa za mkononi za bei rahisi zikajaa gulioni, kila mtu akanunua yake, na kila moja ikawa na wakati wake. Waligombana mpaka majembe yakainuliwa. Ndipo Mzee Shemweta akawatengenezea kisanduku chenye chipu ndani, betri ya gari, taa ndogo ya kijani na honi ya lori. Kila nusu saa honi inalia, bonde zima linasikia, anayefuata anakwenda kuziba njia ya mwenzake na kufungua yake. Wakajiwekea na sheria: anayefungua kabla ya honi anakosa zamu ya wiki ijayo. Ugomvi ukaisha. Watu wakaanza kuamkiana tena.

Siku moja mtu mmoja, hakujitaja mpaka leo, alitaka kusikiliza redio kwa betri ile. Alipoirudisha aliunganisha waya kinyume, chipu ikaungua. Mzee Shemweta alikuwa anasafiri kwenda Tanga kumwangalia dada yake hospitali. Akaniachia chipu mpya na daftari.

"Kesho kutwa ni siku ya maji," akasema. "Fuata mistari yote minne, weka tiki kwa penseli kila unapomaliza mmoja. Ukikwama nipigie, namba ya Tanga iko nyuma ya daftari. Hata mara kumi, nipigie."

Kibanda cha simu kilikuwa mlango wa tatu kutoka karakana yetu.

Niliandika amri ya kwanza, nikaweka tiki. Ya pili, programu ikajengeka bila kosa, tiki. Nikafika kwenye wino mwekundu. Nikaitazama chipu ile, ilikuwa moja tu. Nikaweka vidole kwenye herufi, nikavitoa. Nikajiambia chipu mpya imetoka kiwandani, bila shaka imeshapangwa. Nikaruka mstari, nikaandika wa nne. Skrini ikajibu kwamba programu imefika yote salama. Na kweli ilikuwa imefika yote. Skrini haikuwa na namna ya kunijibu nisichoiuliza.

Nilichokuwa sijui ni hiki: chipu zile zilitoka kiwandani zimepangiwa mwendo wa taratibu, sehemu moja ya nane ya mwendo tuliokusudia. Programu yetu ilihesabu mapigo ya chipu ili ijue nusu saa imepita. Kwa mwendo ule, nusu saa ilikuwa saa nne. Ni muda uleule uliotosha bwawa zima kukauka.

Asubuhi ya siku ya maji nilipanda, nikafunga chipu kisandukuni, nikawasha. Taa ikawaka kijani, honi ikalia mara moja kufungua zamu. Watu wakapiga makofi. Wa kwanza alikuwa Kaniki, mkulima wa viazi. Akafungua maji, akaenda gulioni, maana siku hiyo ilikuwa ya gulio na alijua anayemfuata atamzibia. Wa zamu za baadaye nao walikwenda gulioni. Nami nikashuka Soni najiona fundi kamili.

Aliyemfuata Kaniki alikuwa Bi Zaina, mjane. Alfajiri ile alikuwa amehamisha miche yake ya kabichi kutoka kitaluni kwenda shambani. Hiyo ndiyo iliyokuwa mazao yake ya msimu mzima, na miche iliyohamishwa haiwezi kungoja wiki. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji, jembe mapajani, anasikiliza.

Baada ya muda mrefu nikamwona mlangoni pa karakana, anahema, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hivi honi yenu leo imelala?"

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Basi inafanya kazi. Mashine haina haraka kama sisi, mama."

"Maji ya Kaniki yamemshinda, yanamwagika mpaka njiani. Nikafungue?"

"Ukifungua kabla ya honi unaijua sheria. Rudi ukasubiri, isije ikalia ukiwa huku."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Akapanda tena kile kilima. Mwanangu, nimelala nchi nyingi na vitanda vingi tangu wakati huo, na bado nauona mgongo wa yule mama ukipanda.

Honi ya pili ililia bwawa likiwa tope tupu. Watu waliporudi kutoka gulioni walikuta mfereji umekauka na shamba la Kaniki limekuwa ziwa. Kelele zilifika mpaka barabarani.

"Umemlisha nini huyo kijana wa Tabora?" wakamuuliza Kaniki.

"Nimemlisha nini! Njooni mwone, udongo wote umeshuka kwa jirani. Viazi vyangu viko nje, mnaweza kuokota bila jembe!"

Hawakumwamini. Walisema kisanduku kivunjwe, saa zirudi, na Kaniki asipewe zamu tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao. Nikanyamaza, nikashuka.

Mzee Shemweta alirudi kesho yake, habari zimempokea stendi. Hakuvua hata koti. Alifungua daftari, akaona tiki tatu.

"Ulingoja honi ya pili?" akaniuliza.

"Nilijaribu, mzee. Ililia."

"Sikuuliza kama ililia. Ulingoja ilie tena?"

"Hapana."

"Na mstari wa tatu?"

"Niliuogopa."

"Hata mimi nauogopa, ndiyo maana nikauandika kwa wino mwekundu. Kibanda cha simu kimehama?"

"Hapana, mzee."

"Basi hukuiogopa chipu. Uliogopa nijue kwamba hujui."

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kigoda pembeni yangu, mikono mifukoni, akaniambia niandike mstari wa tatu mwenyewe. Niliandika herufi moja moja kama mtu anayetembea gizani. Chipu haikufa. Amri yote ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Tukapanda bondeni. Watu walikuwa wamekusanyika bwawani, Kaniki amekaa peke yake juu ya jiwe, hakuna aliyekaa karibu naye. Mzee akavua kofia, akaanza: "Ndugu zangu, kosa limetoka kwenye karakana yangu, na mimi ndiye..."

Ningeweza kumwacha amalizie. Ilikuwa njia rahisi, maana yeye walimheshimu na wangemsamehe. Lakini nilimwona Kaniki, na nilijua kwamba nikinyamaza pale, watu watasema Mzee anaficha jambo, na Kaniki atabaki juu ya jiwe lile maisha yake yote.

"Ni mimi," nikasema. "Kuna mstari niliuruka, na Mzee alikuwa ameniambia nimpigie simu. Kaniki hakunipa kitu. Bi Zaina alikuja kuniambia, nikamrudisha."

Bi Zaina akasema, "Kwa hiyo jana mvivu alikuwa mashine, na mimi ndiye niliyeambiwa nina haraka?"

Mtu akacheka, kisha wengine. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Miche yangu je?"

Miche yake sikuwa na namna ya kuifufua kwa maneno. Maji ya karibu yalikuwa kijito cha chini kabisa ya bonde. Nilichukua ndoo. Siku ile, na kila siku mpaka zamu ya wiki iliyofuata, nilipanda na kushuka asubuhi na jioni, nikimwagilia mche mmoja mmoja kwa kopo. Siku ya tatu Kaniki alikuja na ndoo yake. Mchana alikula nami makande aliyoyaleta Bi Zaina. Miche iliyopona labda ilikuwa nusu. Bi Zaina aliitazama, akaniambia kwa Kishambaa, "Hongea," yaani asante, na nikaona aibu kuliko kama angenitukana.

Siku ya maji iliporudi, nilikaa bwawani. Niliwasha, honi ikalia, nikangoja. Watu wote wanane walingoja nami, kila mmoja anaitazama saa yake. Nusu saa ni ndefu ukiwa unatazamwa. Honi ilipolia tena hakuna aliyepiga makofi. Bi Zaina alikwenda tu akafungua maji yake.

Mwanangu, nisikilize sasa, wewe unayekaa na kompyuta yako na kazi za watu mikononi. Kazi haijakwisha kwa sababu taa imewaka. Ingoje ifanye kile ilichoahidi, mwanzo mpaka mwisho, hata kama inakuchosha. Ukifika mahali pa kuogopesha, usiruke. Uliza, na umuulize anayejua, hata kama utaonekana mdogo. Ukishakosea, sema wewe kabla hajalaumiwa mwingine, maana daima kuna Kaniki mahali fulani anayelipia kimya chako. Na mtu asiyejua kazi yako akija kukwambia kuna tatizo, nyanyuka ukaangalie. Yeye ndiye anayeishi na ulichokitengeneza. Usimrudishe kilimani.

Pale Soni nilikaa miaka miwili. Wewe unanijua, miguu yangu haikubali kukaa. Mzee Shemweta alinisindikiza mpaka njia panda, akanishika mkono muda mrefu, akarudi kazini kabla lori halijafika. Bi Zaina alikuwa pale na matenga yake ya kabichi yanayokwenda mjini, nami nikapanda juu ya matenga hayohayo.

"Utarudi lini, baba?" akaniuliza kutoka chini.

Nilitaka kusema karibuni. Wote husema hivyo, na neno hilo halimuumizi mtu. Lakini nilishindwa kumwambia yeye.

"Sidhani kama nitarudi, mama."

Akarekebisha kamba ya tenga iliyokuwa imelegea.

"Afadhali umesema," akajibu. "Sasa sitakusubiri. Nenda. Mungu akupe watu wa kukuambia kweli, akupe na kifua cha kuisikia."

Lori likaondoka. Dua ile ndiyo mali niliyotoka nayo Usambara, na sijapata iliyoizidi. Nakupa na wewe, mwanangu, kama nilivyopewa.