Udongo Niliouonja

Katika chama chetu cha mawe kazi ya kuonja ilikuwa yangu, na ole wake aliyejaribu kuninyang'anya. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa hapa Tororo, mashariki ya Uganda, na huko ndiko nilikojifunza kupima udongo kwa meno. Unachukua kidogo, kama punje ya mchele, unaweka kati ya meno ya mbele, unasaga taratibu. Meno yakisikia kukwaruza, kuna mchanga. Udongo ukiteleza kama siagi, huo ni mfinyanzi mtupu. Halafu unatema. Wenzangu walikuwa na simu za kupiga jiwe picha zikakutajia jina lake. Nilizicheka simu zao mbele yao, na mara nyingi nilipatia mimi zikakosea zenyewe. Wakaniita Profesa. Nilijifanya sitaki.

Tulikuwa watu saba, na hakuna hata mmoja aliyesomea mambo haya. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulitoka. Mara Merikit, kuangalia mawe yaliyochomoza mashambani. Mara nyuma ya ule mwamba wa Tororo. Mara upande wa Busia. Nyundo mbili, chupa ya siki ya kudondoshea mawe tuone kama yatatoa povu, chapati, maji. Watu walituona vichaa. Mkulima mmoja wa Merikit alituuliza kama mawe ya kwetu yamekwisha. Sheria tulikuwa nayo moja tu: ukikuta udongo kando ya mto, huondoki mpaka upande juu uone umetoka wapi. Sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe.

Mama ninayetaka kumsema aliingia chamani kwa ajili ya biashara, wala hakuficha. Aliuza odowa sokoni Busia, upande wa Kenya: yale mawe laini ya kula ambayo mwanamke mjamzito akiyaona mate yanamjaa. Mzigo uliokuwa ukimfikia kutoka mbali ulikuwa umeharibika, una mchanga, wateja wananung'unika. Kila safari alivuka mpaka kwa miguu asubuhi na mapema, kikapu kichwani, akanitania, "Profesa, leo nitafutie jiwe tamu. Hayo mengine yenu ya kutoa povu kaeni nayo." Nilimpenda yule mama. Alikuwa na binti mmoja tu, ambaye ndoa yake ilikuwa imekaa miaka bila mtoto, na mwaka huo binti akashika mimba. Mama alitutangazia tukiwa juu ya jabali, akapiga vigelegele peke yake mpaka mbuzi wa watu wakakimbia.

Mwezi uliofuata tulikwenda kwenye kijito kimoja upande wa Busia ya Uganda. Kwenye kona, pale maji yanapopunguza mwendo, tulikuta udongo mweupe umelala kwa upana wa chumba kizima. Ulikuwa mweupe pe. Mama akashika mdomo. "Woi, Profesa, onja! Onja upesi!"

Nikaonja. Haukukwaruza hata kidogo. Nikasaga tena kwa sababu watu walikuwa wananitazama, nikatema, nikasema, "Huu ni safi. Katika maisha yangu sijaonja safi kama huu."

Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa mwanachama wetu, mwanamke mpole mwenye maswali mengi, alichutama akauchimba kwa kijiti. "Mbona hauna mizizi?" akauliza. "Hata shimo la mnyoo halimo. Twende juu tuone unatoka wapi."

Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na zaidi ya yote sikupenda kuulizwa mbele ya watu. Nikamwambia, "Mwalimu, nilianza kuonja udongo kabla wewe hujazaliwa." Watu wakacheka, naye akacheka kidogo kwa adabu. Hatukupanda juu. Tukamsaidia mama kujaza magunia mawili.

Aliukausha, akaukata vipande, akauchoma kwa moto wa taratibu kama wafanyavyo, na sifa zake zikaenea soko zima. Alirudi kuchukua mwingine, na mwingine tena. Kwenye kundi letu la simu alituma picha ya binti yake, tumbo mbele, kipande mkononi, ameandika chini yake: mjukuu ameupenda udongo wa Profesa. Nilimwonyesha mke wangu picha ile kwa majivuno.

Baadaye tulirudi kwenye kijito kile, safari hii mama hayupo kwa sababu ya siku ya soko. Mwalimu alisisitiza tupande juu, nami nikakubali ili nimnyamazishe. Hatukutembea hata nusu saa. Nyuma ya migomba tukakuta watu wanaosafisha dhahabu, wanaume kwa wanawake, mawe yamesagwa kuwa unga, unga umekorogwa na maji kwenye mabeseni. Mwanamke mmoja alikuwa amezamisha mikono mpaka viwiko, na ndani ya beseni niliona zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, inakimbiakimbia, inang'aa. Alipomaliza alimwaga maji yale meupe kwenye mfereji, na mfereji ulikuwa unateremka moja kwa moja kwenye kijito chetu. Ndiyo maana haukuwa na mizizi. Haukuwa udongo wa mto kabisa. Yalikuwa masalio ya kazi yao, yamelala pale juzijuzi tu. Meno yangu yalipima ulaini, na ulaini ulikuwepo kweli.

Mwalimu alitoa simu palepale. "Tumpigie mama sasa hivi."

Nikamzuia mkono. "Nitamwambia mwenyewe. Mimi ndiye niliyempeleka." Nikawaomba wote wasiandike lolote kundini, na kwa heshima yangu wakakubali.

Sasa nasema ukweli, maana nimechoka kuupamba. Sikumpigia siku ile. Nilijiambia nisubiri nipate uhakika, nikamtafuta rafiki yangu wa zamani aliyewahi kufanya kazi ya maabara, akaniambia hana chombo cha kupimia kitu kama hicho, ila asingempa mkewe aule. Hapo nilikuwa na uhakika wote niliouhitaji. Bado sikupiga. Mwalimu akinipigia, "Mzee, umemwambia?" namjibu, "Nakwenda Jumatatu." Jumatatu ikipita nasema Alhamisi. Nilikuwa naona haya. Mtu mzima, nywele nyeupe, naona haya kuliko mtoto aliyejikojolea.

Mwishowe nilikwenda Busia. Nilivuka, nikaingia sokoni, nikamkuta mama kwenye meza yake na binti kakaa pembeni juu ya kreti, tumbo kubwa, anatafuna. Wateja walikuwa wengi. Mama alipiga kelele, "Aki, Profesa mwenyewe huyu! Huyu ndiye aliyenipa huu mzigo!" Wanawake wakanigeukia, mmoja akanipa mkono wa shukrani. Binti akasogea ili nikae, akavunja kipande chake katikati, akanipa nusu. Nikala. Niliona ni rahisi kula kuliko kusema. Nikauliza habari za kliniki, binti akaniwekea namba yake kwenye simu nimjulie hali, nikaaga, nikapanda boda mpaka Malaba nikavukia huko, kwa sababu sikutaka kupita tena mbele ya meza ile.

Siku ya tisa baada ya hapo mwalimu alipiga simu. Hakuniuliza kitu. Alisema binti ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, amepelekwa hospitali, na mtoto ametoka amekufa. Wa kiume.

Daktari aliwaambia huenda ni presha, huenda ni malaria, mambo haya hutokea. Huenda ni kweli. Hakuna aliyepima, na hata leo hakuna anayejua, mimi nikiwemo. Nimejaribu kujificha nyuma ya hiyo "huenda", na haina nafasi ya kunitosha.

Nilikwenda nyumbani kwa mama wiki ya mazishi. Chama kizima walikuwa wametangulia na sukari na unga, wakaondoka. Nilibaki peke yangu naye sebuleni. Gunia la udongo lilikuwa kwenye kona, nusu. Alikuwa amekonda usoni. Nikamweleza yote: mabeseni, zebaki, mfereji, swali la mwalimu na jibu nililompa. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa tayari.

Akauliza kitu kimoja tu. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Nasema wazi kwamba neno hilo lilifika mdomoni. Nikamwambia, "Jumamosi ile ambayo hukuja."

Akahesabu kwa vidole juu ya goti, Jumamosi moja baada ya nyingine. Alifika ya mwisho. Aliinuka, akafungua mlango wa chumbani, akamwambia binti yake, "Njoo mama. Mzee ana neno lake. Nataka akwambie wewe mwenyewe."

Binti alitoka akijishikilia ukutani, kitambaa cha khanga kimefungwa kifuani kuzuia maziwa. Akakaa mbele yangu. Nikaanza upya, neno kwa neno, mpaka ile Jumamosi.

"Asubuhi ya hospitali nilikula vipande viwili," binti akasema. "Nilikuwa nasubiri gari." Kisha akaniangalia, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayetaka kuelewa. "Baba, namba yangu unayo. Ungenipigia tu."