Kumbe Haikuwa Karuho

Ndugu zangu mnaoinua vyuma, niliyoyapitia nisingependa yamfike hata mmoja wenu.

Nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na kila jioni nilifanya mazoezi na wenzangu mtaani Kimanga, tukijiandaa kwa mashindano ya kutunisha misuli. Kocha alitugawia vidonge vya rangi ya waridi. "Iko vitamini tu, champion." Mimi ninayebishana hata na mahubiri, vidonge hivyo sikuvihoji. Mabega yalikuwa yanajaa.

Kisha mgongo ukaota chunusi. Matiti yakavimba na kuuma, korodani zikasinyaa. Nikaona aibu, nikanyamaza. Baadaye mwili wote ukawasha, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, macho yakageuka njano.

"Wamemulisha karuho!" mama alilia.

Kwetu, kijana akidhoofika ghafla, watu husema amelishwa karuho, sumu ya siri, na hupelekwa kutapishwa. Miaka yote niliicheka imani hiyo. Safari hii niliikubali, maana kumshuku jirani kulikuwa rahisi kuliko kuvishuku vidonge. Tukaenda kwa mganga huko Luvungi kwa pikipiki. Mganga akaninywesha maji ya majani machungu, nikatapika hadi nyongo. Niliporudi nyumbani sikuweza hata kusimama. Kaka akanibeba hadi hospitali.

Daktari alinitazama mabega, kisha macho. "Weye unainua vyuma?"

"Ndiyo, dokta."

"Na unameza nini?"

Nikamwangalia mama.

"Mama, utupishe kidogo," daktari akasema.

Mama alipotoka, nilisema yote, hata ya korodani. Hakucheka.

"Hiyo haiko vitamini, ndugu. Ni homoni ya kiume. Ini yako imeumia. Ukimeza tena, utakufa."

Niliacha siku hiyohiyo. Pole pole muwasho ulipungua, macho yakatakata. Korodani zilichukua miezi kurudi. Titi moja bado lina kifundo.

Mama alipoambiwa ukweli, alishika kichwa. "Kumbe miye niko nanunia jirani bure!"

Namshukuru Mungu, na daktari yule. Kidonge mnachopewa bila boksi lake, msikimeze. Na mkianza kuvimba mahali pa aibu, semeni mapema, kabla macho hayajawasemea.

Mabega yangu yamepungua, shati linanipwaya. Lakini nipo, nakula, nabishana tena.